Kwa nini wakazi wa Elysium waliwanyima watu wa Dunia mashine za tiba zisizokwisha?

Mwalimu wa Masasi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Uraia katika shule moja ya sekondari wilayani Masasi. Ninaomba msaada wenu katika swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliniuliza wiki iliyopita, nami nikawajibu kwa namna ambayo mimi mwenyewe haikuniridhisha.

Jumamosi jioni tuliwaonyesha filamu ya Elysium, iliyoandikwa na kuongozwa na Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, ambayo ilitoka mwaka 2013. Tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaazima projekta, na wanafunzi wa bweni wakakaa sakafuni mpaka milangoni. Kwa wasioiona, kisa chake kinatokea mwaka 2154. Dunia imechakaa, imejaa watu, na jiji la Los Angeles limekuwa bahari ya vibanda na vumbi. Matajiri wamehamia kwenye kituo kikubwa cha angani chenye umbo la gurudumu, kinachozunguka juu ya Dunia, chenye nyasi za kijani, mabwawa ya kuogelea na nyumba nyeupe. Kila nyumba kule ina kitanda cha kioo ambacho mgonjwa akilala ndani yake humkagua kwa mwanga, kikautaja ugonjwa, na ndani ya sekunde chache mtu anainuka mzima, hata kama alikuwa na saratani au mifupa iliyovunjika.

Mhusika mkuu, Max, anayeigizwa na Matt Damon, ni mfanyakazi wa kiwanda kinachotengeneza roboti. Anapata mionzi mikali akiwa kazini, anaambiwa amebakiza siku tano, na kuanzia hapo filamu nzima ni mbio zake za kufika juu kabla siku hizo hazijaisha. Rafiki yake wa utotoni, Frey, ambaye ni muuguzi, ana binti mdogo anayeitwa Matilda mwenye saratani ya damu.

Filamu ilipokwisha, binti mmoja ambaye kwa kawaida hasemi darasani alinyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, kile kitanda kinatibu kwa sekunde chache, wala hatukuona kikiishiwa dawa. Mwishoni tumeona walikuwa na vyombo vya angani vilivyojaa vitanda hivyo, vimeegeshwa tu. Sasa kwa nini waliwanyima watu wa chini? Wangepungukiwa nini?"

Nilimjibu kwamba ni ubinafsi. Akanitazama, akaketi, na nikaona wazi kwamba jibu langu halikumfaa, kwa sababu ubinafsi tunaoujua sisi ni wa mtu anayekumbatia kitu kinachopungua. Anayeficha debe la mahindi wakati wa njaa tunamlaumu, lakini tunamwelewa. Je, huyu anayeficha kitu kisichopungua tumwelezeje? Je, ni kasoro ya hadithi, au kuna jambo ndani ya filamu ambalo sikuliona? Nimewaahidi wanafunzi kwamba nitarudi na jibu, na sipendi kuwarudia na maneno matupu.

Tabibu wa Newala alijibu:

Mwalimu, hongera kwa kazi, na umpe huyo binti salamu zangu, kwa kuwa ameuliza swali ambalo mimi nililiona filamu nzima nikashindwa kulitamka kwa maneno.

Nimefanya kazi ya utabibu kwa miaka mingi katika vituo vya huku juu Makonde, na ninaweza kukuambia kwamba katika tiba hakuna kitu kisichokwisha. Vitendanishi vya maabara vinakwisha, damu salama inakwisha, mafuta ya gari la wagonjwa yanakwisha, na mtaalamu mmoja aliyepo anachoka na kwenda kulala. Kwa hiyo kila ninapolazimika kumwambia mama kwamba huduma fulani hatuna, aende Ndanda au Mtwara mjini, ninakuwa na sababu mkononi. Sababu hiyo inaniuma, lakini ni ya kweli, na yeye anaikubali kwa sababu anaiona: rafu ni tupu.

Sasa tazama alichokifanya mtunzi. Ameondoa sababu hiyo kabisa. Kitanda chake hakihitaji daktari, dawa, damu wala siku tatu za kusubiri majibu, na hata walinzi na watumishi wa kule juu ni roboti ambao hawalipwi mshahara. Sidhani kama alisahau kutuonyesha gharama. Ninaamini alizifuta makusudi ili tusiwe na kisingizio cha rafu tupu, tubaki tunakutazama kukataa kwenyewe kukiwa uchi. Ndiyo maana swali la mwanafunzi wako halikuwa na jibu jepesi, kwa sababu jibu jepesi limekwisha kuondolewa mezani kabla filamu haijaanza.

Jibu langu ni kwamba ukuta wa Elysium haujajengwa kwenye mashine, bali kwenye orodha. Kumbuka tukio la mwanzoni, pale vyombo vitatu vya wahamiaji vinaporuka kutoka Duniani, viwili vinatunguliwa na abiria wote wanakufa, na kimoja kinafika. Mama mmoja anakimbia na binti yake asiyeweza kutembea, anaingia kwenye nyumba ya watu, anamlaza mtoto kitandani. Kabla ya safari alikuwa amechomwa alama bandia mkononi, inayomtaja kuwa raia. Kitanda kinaisoma alama, kinamkubali, na miguu ya mtoto inanyooka. Dakika chache baadaye roboti wanawakamata, lakini mtoto ameshapona. Mashine haikujua kuwa ni maskini wala haikujali wametoka wapi, iliuliza kitu kimoja tu, yaani kama jina limo katika orodha.

Halafu linganisha na Matilda. Mama yake anafanikiwa kumfikisha mpaka Elysium kwenyewe, anamweka ndani ya kitanda chenyewe, na kitanda kinakataa kwa sababu mtoto si raia. Sekunde chache zinatosha kumponya, umeme upo, kila kitu kipo, mtoto yuko taabani, na kitanda kimenyamaza. Katika filamu hiyohiyo Kruger, yule muuaji aliyeharibiwa uso kwa bomu la mkono, analazwa na kujengewa uso mpya, na muda si mrefu anainuka kwenda kuua tena. Nilipoona matukio hayo mawili katika filamu moja, nilisimama nikatoka nje kidogo.

Waambie wanafunzi wako watazame tena dakika za mwisho. Hakuna anayeivamia Elysium na kuzichukua mashine kwa nguvu. Spider, yule msafirishaji wa wahamiaji, anabadilisha mstari mmoja tu katika kompyuta ili kila aliye Duniani ahesabiwe kuwa raia. Papo hapo roboti zinakataa kumkamata hata rais wao anapoamuru, na mfumo wenyewe unatambua kwamba kuna raia wagonjwa huko chini, unavituma vile vyombo. Havikuhitaji hata kuombwa.

Binti wa Mikindani alijibu:

Shikamooni wakubwa. Tabibu, nimekusoma kwa makini na nakubaliana nawe kuhusu orodha, lakini naona umeruka kiwanda, na kwangu mimi filamu yote imo ndani ya kiwanda kile.

Max anafika kazini akiwa na mkono uliovunjwa na roboti wa polisi asubuhi hiyohiyo. Mlango wa chumba cha mionzi umekwama kwa sababu kuna mzigo umeegemea ndani. Msimamizi anamwambia aingie aukwamue, na anaposita anaambiwa kwamba kama hataki, mwingine ataichukua nafasi yake. Anaingia, anausukuma mzigo, mlango unajifunga nyuma yake, na mashine inaanza kazi. Baadaye amelala hoi, roboti anamweleza kwa sauti ya upole kwamba ana siku tano, anampa chupa ya vidonge na kumtaka atie sahihi. Mwenye kiwanda, Carlyle, anachouliza ni kama ngozi ya mgonjwa itabanduka, maana hataki kubadilisha mashuka.

Mama yangu amebangua korosho kwa mikono kwa zaidi ya miaka 20. Wasiotoka huku huenda hawajui kwamba katika ganda la korosho kuna mafuta meusi yanayounguza ngozi kama tindikali. Wanawake wanakaa kwenye mikeka au viti vifupi, mbele yao kuna kigogo na kirungu, na pembeni kuna kisahani cha majivu ambamo wanachovya vidole kila baada ya korosho chache ili yale mafuta yasishike. Korosho inasimamishwa kwa vidole viwili, inapigwa mara moja, ganda linafunguka, na kokwa inatakiwa itoke nzima, kwa kuwa iliyovunjika bei yake ni nyingine. Ukiongeza mwendo, unasahau majivu. Ukikumbuka majivu kila mara, kilo hazitoshi. Mama alikuwa anasahau majivu. Nilipokuwa mdogo nilidhani weusi wa ncha za vidole vyake ni rangi aliyozaliwa nayo.

Siku alipokwenda kuandikishwa kwa ajili ya kitambulisho, mimi ndiye niliyempeleka. Aliwekewa kile kifaa cha kusoma alama za vidole, akabonyeza kidole cha shahada, kifaa kikalia na kuonyesha taa nyekundu. Wakajaribu kidole gumba, halafu mkono wa kushoto. Kijana aliyekuwa akiandikisha alikuwa na adabu, sina la kumlaumu, alimpa hadi kitambaa chenye maji ajipanguse, akidhani ni uchafu. Mama akajipangusa, akajaribu tena, kifaa kikakataa. Vidole vilikuwa laini kama karatasi, kazi ilikuwa imekwisha kuifuta mistari yote. Tuliambiwa turudi siku nyingine, na tulirudi mara mbili kabla hajaandikishwa.

Kwa hiyo, Tabibu, ninapoliona tukio la kitanda kumkataa Matilda nawaona wawili, huyo mtoto na mama yangu, na naona kwamba orodha na kiwanda si vitu viwili. Kazi ndiyo inayomuumiza mtu, na maumivu hayohayo yanamfanya asisomeke na mashine. Max naye anatengeneza kwa mikono yake roboti zilezile zilizomvunja mkono kituo cha basi.

Jibu langu kwa huyo mwanafunzi ni hili: wakazi wa Elysium wangepungukiwa na wafanyakazi wa kuingia katika chumba cha mionzi. Mtu mzima wa afya, mwenye uhakika kwamba mwanawe akiugua atapona, angemwambia yule msimamizi aingie mwenyewe. Kinachomsukuma Max kupita ule mlango ni hofu ya kukosa kila kitu, na hofu hiyo inahitaji kulishwa kila siku. Kitanda cha tiba kikishuka Duniani, hofu inapungua, na Carlyle anabaki na kiwanda kisicho na watu.

Kijana wa Msimbati alijibu:

Mwalimu, kwangu jibu ni rahisi, na sisi wa kusini tunalijua bila filamu. Filamu hii ilitoka Agosti 2013. Mei ya mwaka huohuo Mtwara ilikuwa katika vurugu kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, na wengi wetu tunakumbuka tulivyojifungia ndani. Gesi inatoka hapa kwetu Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, na inasafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda kuwasha taa za wengine. Elysium ni ya juu na sisi ni wa chini, basi.

Mzee wa Nachingwea alijibu:

Mjukuu wangu wa Msimbati, uchungu wako naufahamu na sitaki kuudharau, ila nadhani mfano wako umekaa pembeni kidogo ya swali la Mwalimu, na swali zuri linastahili kushikwa palipo na mshikio.

Gesi ni kitu kinachokwisha. Ukiichoma Dar es Salaam, hiyo haiwezi kuchomwa tena Mtwara, na ndiyo maana watu waligombana, na ndiyo maana inafaa kupatana juu yake: ngapi ibaki, ngapi iende, na anayeishi juu ya kisima apate nini. Hilo ni suala la mgawanyo. Swali la yule binti linahusu kitu ambacho hakigawanyiki wala hakipungui, na bado kimefichwa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na ukiyatibu kwa dawa moja utamuua mgonjwa wa pili.

Mfano wa karibu zaidi na filamu hiyo, kwa kumbukumbu zangu za utotoni, ni ule mpango wa karanga wa Waingereza hapa Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Walileta matrekta, wakajenga reli mpaka Mtwara na bandari ya kina kirefu, na mamilioni ya pauni yakateketea. Baba yangu alikuwa kibarua pale. Alikuwa akisimulia kwamba kulikuwa na mtaa wa wazungu wenye maji ya bomba, na kambi ya vibarua isiyokuwa nayo, ilhali bomba lenyewe lilipita kando ya kambi. Aliwahi kumuuliza mnyapara wao kwa nini wasitoboe tundu moja tu, maana maji yalikuwa mengi. Mnyapara hakusema maji yatapungua. Alisema kwamba kambi haimo kwenye ramani.

Sijaiona filamu yenyewe, macho yangu hayaruhusu tena, lakini mlivyoisimulia nimemkumbuka baba.

Mpenda Filamu, Lindi alijibu:

Shikamoo Mzee. Naomba nami niseme, hasa kwa kuwa naona wote mmemtetea mtunzi kuliko, kwa maoni yangu, anavyostahili.

Mimi naipenda Elysium. Napenda jinsi ilivyoonekana: Dunia yake ilipigwa picha kwenye jalala kubwa la Mexico City, na sehemu za kule juu kwenye nyumba za fahari, pamoja na studio za Vancouver nchini Kanada, kwa hiyo unapoona vumbi lile ni vumbi la kweli na watu wanaishi kando yake. Umbo la gurudumu nalo halikutungwa hewani, kwa sababu mwaka 1975 wataalamu waliokutanishwa na NASA katika Chuo Kikuu cha Stanford walichora kituo cha namna hiyo, cha watu 10,000, kinachozunguka ili wakazi wasielee. Mapigano ni mazuri pia. Kile kiunzi cha chuma wanachokifunga kwenye mwili wa Max, wakikipigilia skrubu mpaka kwenye mifupa juu ya nguo zake, kinauma kukitazama, na kila anapopiga ngumi unajua kwamba mgonjwa ndiye anayepiga.

Hata hivyo, Tabibu, siwezi kukubali kwamba mtunzi alifuta gharama makusudi. Nadhani aliruka hatua. Jibu la Binti wa Mikindani ni bora kuliko lolote linalotamkwa na mhusika yeyote ndani ya filamu, na hapo ndipo lilipo tatizo, kwamba limetoka kwake na halikutoka kwenye filamu. Waziri Delacourt, anayeigizwa na Jodie Foster, anazungumzia kulinda makazi yao kwa ajili ya watoto wao, na hilo lilikuwa neno la kufuatilia. Mtu anayeamini kwamba anawalinda watoto anatisha kuliko mwovu mtupu. Badala ya kumfuatilia, filamu inamchomoa katika hadithi na kumwachia Kruger nusu saa ya mwisho, ambayo ni ya panga, risasi na kukimbizana. Swali la mwanafunzi linakufa hapo kwa sababu hakuna tena aliyebaki hai wa kuulizwa.

Mwaka huohuo wa 2013 ilitoka filamu ya Snowpiercer ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, ambayo inalijibu swali hili waziwazi. Dunia imeganda kwa baridi, na wanadamu waliosalia wako ndani ya treni moja isiyosimama, maskini mkiani na matajiri mbele. Wa mkiani wanapambana behewa kwa behewa kwenda kwenye injini, na kiongozi wao anapofika anagundua kwamba kifaa kimoja cha injini kimekufa, kipuri hakipatikani tena, na mahali pake ameketishwa mtoto mdogo kutoka mkiani, kwa kuwa ni mtoto tu anayeenea katika tundu lile. Hapo unaelewa mara moja kwa nini mkia unahifadhiwa na kwa nini unaachwa katika hali ile. Binti wa Mikindani, hilo ni neno lako la chumba cha mionzi, lakini limeonyeshwa kwa picha moja ambayo hutaisahau.

Na kuna mhusika mwingine mle, fundi wa milango ya usalama, ambaye wakati wenzake wote wanataka kufika mbele, yeye anataka kulipua mlango wa pembeni atoke nje ya treni. Kwa miaka mingi amekuwa akichungulia dirishani na kuona theluji inapungua. Katika Elysium hakuna mtu kama huyo. Kila mmoja anataka kupanda, na mwisho wenye furaha ni kwamba wote tumeingizwa kwenye orodha ileile. Ningependa kumuuliza Tabibu: kama orodha ndiyo ukuta, kwa nini tunashangilia orodha inapokuwa ndefu badala ya kuuliza nani ana mamlaka ya kuiandika? Kesho akitokea mtu mwingine na kompyuta, si atafuta majina yote kwa mstari mmoja, kama Spider alivyoyaandika?

Tabibu wa Newala alijibu:

Swali zito. Nitalijibu kwa ufupi, kama mtu wa zahanati. Mama akifika usiku na mtoto mwenye degedege, sina muda wa kujadili nani aliandika orodha. Ninachotaka ni jina la mtoto liwemo kabla asubuhi haijafika. Mambo ya nani ashike kalamu ni ya lazima, nakubali, ila yajadiliwe mtoto akiwa amekwisha kupata dawa. Nadhani Max naye alikuwa na dakika chache tu, na alichagua kwa kuzitazama hizo. Alijua kwamba kuitoa ile programu iliyohifadhiwa kichwani mwake, ambayo Spider aliihitaji ili kuibadilisha orodha, kutamuua.

Kuhusu Delacourt umenishinda. Walimwondoa mapema mno.

Mwalimu wa Masasi alijibu:

Ndugu zangu, nimesoma majibu yote mara mbili, na mengine nimeyanakili katika daftari la maandalio. Mzee, shikamoo sana, na pole kwa macho. Ile habari ya kambi isiyokuwamo kwenye ramani nitaiomba ruhusa niisimulie darasani bila kutaja jina lako.

Leo mchana nilimwita yule binti wakati wa mapumziko nikamweleza mambo mawili, la orodha na la kiwanda, nikamuuliza lipi linamridhisha. Alifikiri kwa muda, akasema kwamba la kiwanda linaeleza kwa nini Carlyle alikataa, kwa kuwa yeye alikuwa na kiwanda. Lakini katika Elysium kuna maelfu ya watu wasiokuwa na kiwanda chochote, wanaoogelea tu na kufanya sherehe bustanini. Hao hawakunyima kwa hofu ya kukosa wafanyakazi. Akasema anadhani hao hawakuwahi kuulizwa, wala wao hawakuwahi kuuliza. Kitanda kilikuwa ndani ya nyumba kama jokofu, na hakuna anayetazama jokofu lake akawaza nani hana.

Kisha akaniomba nimweleze ni sehemu gani ya filamu tunawasikia watu hao wa kawaida wa Elysium wakizungumza kuhusu Dunia. Nimeipitia tena jioni hii, nimeruka kutoka tukio moja hadi jingine, na nimewaona wakipiga kelele tu wahamiaji walipotua kwenye nyasi zao. Kama kuna aliyeona pengine, naomba anitajie dakika.

Jumamosi ijayo tutaionyesha tena, nikiisimamisha katika matukio matatu: mlango wa chumba cha mionzi, kitanda kinapomkataa Matilda, na vyombo vinaposhuka mwishoni. Binti wa Mikindani, kama mama yako ataridhia, ningeomba aje azungumze na wanafunzi kabla ya filamu kuanza. Nauli ya kutoka Mikindani na chakula vitakuwa juu yetu walimu.

Binti wa Mikindani alijibu:

Mwalimu, nimemsomea mama ujumbe wako. Amecheka kwanza, kisha akauliza kama wanafunzi wamewahi kuona korosho ikibanguliwa kwa mkono, maana siku hizi wengi wanaijua ikiwa imefungashwa tu. Atakuja. Anasema atabeba kigogo chake, kirungu na kisahani cha majivu, na ninyi mtafute korosho ghafi kama kilo mbili hivi, zilizokauka vizuri.

Mpenda Filamu, Lindi alijibu:

Mwalimu, mimi nina nakala ya Elysium yenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Si kamilifu, kuna sehemu tafsiri imeteleza, ila itawasaidia wale ambao Kiingereza kinawapita haraka. Nitaituma kwa basi la Ijumaa asubuhi ndani ya flashi, nimkabidhi kondakta. Naomba unitumie pembeni namba ya mtu wa kuipokea stendi ya Masasi.